Marlys Alivyotetemeka Kando ya Jiko

Kisa hiki hutakiamini, na hata mimi, mtu ninayeijua barafu ya Minnesota kuliko samaki wenyewe, nakiamini kwa shida: mwanamke alikaa kando ya jiko lililokuwa jekundu kwa moto akatetemeka mpaka kahawa ikamwagika.

Mwanamke huyo ni Marlys Haugen, shemeji yangu, mjane wa kaka yangu Verlyn. Kaka alimwachia kibanda chake cha kuvulia, kile cha mbao tunachokikokota hadi katikati ya ziwa maji yakishaganda, tukatoboa barafu na kuvua samaki tumekaa humo ndani. Wanawe walitaka kiuzwe, mama amezeeka. Marlys akaapa: maadamu anapumua, kila majira ya baridi atakaa humo, kwenye kiti cha Verlyn.

Sasa, kibandani hakuna choo. Sisi wanaume tunazunguka nyuma, shughuli imekwisha. Mwanamke aliyejifunga nguo juu ya nguo atavua nini katika upepo ule? Basi Marlys alikuwa hanywi. Funda la kahawa asubuhi, kisha mkojo anaubana mpaka jua lizame. Tena alijivunia.

"Delmar, hicho kibofu chako ni cha kuku," alinicheka kila nilipotoka.

"Changu kina akili, shemeji. Chako kina kiburi."

Kisukari anacho siku nyingi. Na mkojo ulishawahi kumwasha, akapewa dawa, akaziacha alipopata nafuu. Hayo niliyasikia baadaye, daktari alipomhoji. Februari ile ukamwasha tena, ukawa na ukungu na harufu, akanyamaza. Kisha mgongo ukamuuma upande mmoja, chini ya mbavu.

"Ni keekee hii," akasema, maana barafu alitoboa mwenyewe.

Akatapika. "Mayai yako hayo, Delmar. Umewahi kupika wewe?"

Akaanza kutetemeka. Lakini nani hatetemeki ziwani? Kwetu mtu akitetemeka unamwongezea kuni, humuulizi kitu.

Nikaongeza kuni. Nikavua koti, nikavua sweta, jasho linanitiririka, na Marlys bado meno yanagongana. Nikamgusa paji la uso. Lilikuwa moto kama bati la jiko.

"Shemeji, hii si baridi. Hii ni homa. Twende hospitali."

"Usinitoe humu," akasema, ameng'ang'ania kiti. "Nikitoka leo naumwa, watakiuza."

Nikamtoa. Ugonjwa ulikuwa umepanda kutoka kibofu hadi kwenye figo, ukaingia na damuni. Hakufa, ila figo moja imebaki kovu, nyingine inachechemea, na daktari amemkataza kushinda pasipo choo wala maji. Wanawe wakakiuza kibanda kabla theluji haijayeyuka.

Siku hizi anakaa dirishani na jagi lake la maji, anatazama vibanda vya wenzake kule ziwani, huku mimi nikiwasimulia wageni nilivyomwokoa: nilivyomtupa begani, nikalikata ziwa zima kwa miguu, barafu inapasuka nyuma yangu, na mbwa mwitu, kundi zima, wakini—

"Delmar." Hakugeuka. "Ulinilaza kwenye sleji, ule ubao wa kuteleza thelujini, juu ya samaki, ukaniburuta kwa pikipiki ya theluji, umekaa zako. Mbwa mwitu hawakuwepo. Nilikuwa natazama nyuma njia nzima, kibanda kinazidi kuwa kidogo, kidogo..."