Kadi Mbili za Babu Panya

Saa moja asubuhi, wenzake hawajafika, fundi wa maabara wanayemwita Babu Panya yuko kwenye chumba cha vizimba. Anasoma kwa sauti namba ya kadi ya kizimba, anakagua namba kwenye sikio la panya, kisha anasoma tena. Vizimba mia moja na arobaini, na hataki kusemeshwa mpaka amalize. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa miaka ishirini na sita amechora ramani za vinasaba vya panya. Huwazalisha, akaangalia watoto wamerithi nini pamoja. Vinasaba vinavyoandamana sana huwa jirani. Vinavyoachana mara kwa mara viko mbali. Kila ramani huchorwa na watu wawili, kila mmoja na panya wake, bila kuchunguliana, ndipo zikalinganishwa.

Miaka tisa iliyopita mwenzake alikuwa mwanamke aliyemfundisha kazi, anayemwita Dada mpaka leo. Ramani zao zikakataana mahali pamoja. Mkuu wa maabara akauliza nani kakosea.

"Nilisema ni Dada. Nilisema macho yake yamechoka," anasimulia. "Vizimba vyangu wala sikurudi kuviangalia."

Dada aliomba wahesabu upya, hakusikilizwa. Mwaka haukuisha, akaachishwa kazi.

Mwaka jana, akihamisha kabati, Babu Panya alikuta daftari lake la siku zile, kadi za zamani zimebanwa ukurasani. Namba za masikio alizoandika mwenyewe hazikulingana na kadi mbili. Akakumbuka: siku ya kuosha vizimba alizing'oa kadi zote kwa pamoja ili amalize upesi, na hizo mbili akazirudisha kila moja kwenye kizimba cha mwenzake. Watoto wakahesabiwa kwa wazazi wasio wao.

Alikaa sakafuni akalia. Ramani ameshaisahihisha, jina la Dada limewekwa juu yake. Dada mwenyewe hajaambiwa. Anashona sare za shule mitaa mitatu kutoka hapo, na Babu Panya huzunguka njia nyingine asipite dirishani kwake. Anaona aibu, na anakiri.

Mkewe amechoka. "Majuto ni mjukuu," humwambia, "lakini huyu wako umembeba mgongoni mwaka mzima. Mpeleke akamsalimie dada yako."

Jumamosi atakwenda, na daftari kwapani.

"Sitasema mengi," anasema. "Nitampa kadi azisome mwenyewe, kwa macho yale yale niliyosema yamechoka."