Gari la Baba Mkwe Linavuta Kushoto

Fundi Mizani alikuwa na sheria moja aliyowahubiria wateja mpaka wakaichoka: ukija na malalamiko ya usukani, usimwachie funguo ukaenda zako. Endesha mwenyewe, yeye akae pembeni aone. "Gari likifika kwangu linajifanya zima, kama mtoto aliyepelekwa kwa daktari," alikuwa akisema. "Nataka nilione likiwa na wewe." Wenye haraka walimnunia, lakini walikaa, wakaendesha, na ugonjwa ukajitokeza wenyewe: bushi iliyokatika, tairodi iliyolegea, au breki ya upande mmoja inayogoma kuachia. Kwa magari ya zamani hakuwa na mpinzani mtaa mzima, na hilo alilijua kupita kiasi.

Sheria ile ilimshinda kwa mtu mmoja tu, naye ni baba mkwe wake.

Mzee yule alikuwa dereva mstaafu wa mabasi. Utu uzima wake wote ulipita nyuma ya usukani, na alipostaafu alibaki na gari lake dogo kuukuu la rangi ya maziwa, analoliosha kila asubuhi hata siku ambayo haliendi kokote. Alipofika gereji akasema, "Mkwe, gari linavuta kushoto," Mizani alipokea funguo kwa mikono miwili, akamtafutia kiti kivulini, akaagiza chai. Angemwambiaje mtu kama huyo, baba mzazi wa mkewe, hebu endesha nikuangalie? Ingekuwa kumvunjia heshima mchana kweupe.

Akaliendesha mwenyewe. Likaenda wima. Akapima upepo, akahamisha matairi ya mbele upande kwa upande, akaliinua kwa jeki akayatikisa magurudumu, akagusa rimu kuona kama breki inabana na kupata moto. Hakuna kitu. Lakini kumrudishia mkwe funguo na kumwambia gari lake ni zima, si ndiyo kumwambia anaota? Basi akashika spana, akalilaza kidogo gurudumu la mbele la kulia, sehemu ya juu ikatoka nje, kiasi cha kulifanya gari liegemee kulia.

"Sasa limenyooka," mzee akasema alipomaliza mzunguko wa kwanza, meno yote nje. Mizani akavimba kichwa.

Haukupita muda mrefu, mzee akarudi. Limeanza tena. Kiti, chai, spana. Fundi akaongeza kidogo. Mzee akarudi tena, fundi naye akaongeza tena. Tairi la kulia likaanza kulika ukingo wa nje, naye akaliona akajifanya hakuliona. Aliiona pia michubuko kwenye bampa, upande wa kushoto. Mzee akasema ni nguzo ya geti, siku hizi imeanza kusogea. Wakacheka wote wawili, na fundi akarudi kwenye kazi zake.

Halafu ikaja siku mkewe alipoazima gari la baba yake ampeleke mama yake sokoni. Hawakufika. Liliingia gereji polepole, likazimwa, na mke akabaki ndani ameung'ang'ania usukani. Mama mkwe alikaa pembeni yake, amekumbatia kikapu kitupu.

"Baba Watoto, hili gari umelifanya nini?"

"Kwani lina nini?"

"Linakimbilia kulia. Nimeachia mkono mmoja nimfunge mama mkanda, nikainua macho, lori hilo mbele yetu."

Mizani akainama kulitazama gurudumu la kulia. Gari lile lile, kwa binti linavuta kulia, kwa baba linavuta kushoto. Alikuwa amelipinda gari zima kwa mkono wake mwenyewe, na nusura limuulie mke na mama mkwe kwa siku moja.

Jioni ile ile alilirudisha gurudumu la kulia mahali pake, akalijaribu barabarani hadi aliporidhika, kisha akaenda nalo kwa mzee. Akamkabidhi funguo, akafungua mlango wa abiria.

"Baba, leo naomba uniendeshe."

Mzee akamtazama. "Siku zote hukutaka."

"Leo nataka."

Wakatoka. Mizani hakutazama barabara, alitazama mikono. Wa kulia ulikuwa kazini, imara, mkono wa dereva hasa. Wa kushoto ulilala tu juu ya usukani. Vidole havikukunjwa, havikushika chochote. Ulining'inia pale kama kitambaa kilicholowa maji, na uzito wake ukawa unaushusha usukani upande wa kushoto. Gari likisogea ukingoni, mkono wa kulia unalirudisha. Likisogea, unalirudisha. Kifungo cha shati kwenye kifundo cha mkono wa kulia, kinachofungwa kwa vidole vya kushoto, kilikuwa wazi, na mzee huyu hakujulikana kwa kuacha vifungo wazi.

"Simama hapo, Baba."

Gari likasimama. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu kabisa: ni bushi, nitaibadilisha kesho. Mizani aliumeza kwa shida.

"Gari halina ubovu. Halikuwa nao tangu siku ya kwanza. Ni mkono wako."

Mzee alizima injini. Alikaa akitazama mbele, kama anayesubiri abiria wapande.

"Ulianza kufa ganzi kabla sijaja kwako," akasema. "Nikajiambia labda ni gari. Nikaja, ukalitengeneza, likanyooka. Nikamshukuru Mungu kwamba si mimi. Kila nilipozidiwa nilikuja, na kila ulipolitengeneza, mimi nilipona."

Mizani aliona aibu ya kutaka ardhi impasukie. Alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva. Mzee hakuinuka.

"Hospitali watauliza kwa nini tumechelewa hivi," akasema. "Utawaambia nini, fundi?"

"Nitawaambia nilikuonea haya, Baba."

Mzee akauchukua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka mapajani.

"Na mimi nilikuonea haya wewe," akasema, akaanza kujisogeza taratibu kuelekea kiti cha abiria.