Vyuma vya Paa la Turubai

Juzi huko Gilgil nilimwona mtu akikunja paa la turubai la gari la zamani. Vyuma vyake vilipolia kriii, nikarudi utotoni, uani kwetu Bondeni, kwenye harufu ya gundi. Baba alikuwa akilivisha gari la mteja paa jipya. Ghafla vyuma vilijikunja, vikambana vidole.

"Zena," aliniambia kwa sauti ya chini, "usiguse gari. Enda uite mama."

Baba alizoea kufoka. Upole ule ulinitisha. Nilidhani amekasirika kupita kiasi, nikakimbia nikijiuliza nimekosa nini. Mama alikuja akaviinua vile vyuma taratibu, na vidole vikatoka vizima, vimevimba.

Sasa ninajua kwamba ningeligusa tu gari lile, vyuma vingejikunja zaidi na kuvikata vidole vyake. Baba hakuwa amekasirika. Alikuwa akiiogopa mikono yangu.