Mluzi Jikoni kwa Bibi Galina

Juzi binti yangu alipiga mluzi jikoni, nikamkatiza kwa ukali ulionishtua mwenyewe.

Nilikumbuka Norsborg, kitongoji cha Stockholm nilikokulia, jikoni kwa Bibi Galina, jirani yetu Mrusi aliyekuwa akikaa nami mama akiwa kazini. Palinuka kabichi. Nilikuwa napiga mluzi, akanionya kwa Kiswidi chake kizito, "Usipige mluzi ndani, mtoto. Pesa zitakimbia." Nilicheka, nikaendelea. Muda si mrefu barua ikadondoka mlangoni: kazi yake ya usafi ilikuwa imekwisha.

Nilingoja anigombeze. Yeye aliikunja barua, akaiweka chini ya sufuria ya moto, akanimiminia chai. "Ndiyo maisha," alisema. "Kunywa."

Utulivu ule uliniogopesha kuliko fimbo. Niliamini nimemfukuzisha kazi.

Baadaye nilijua kwamba akiba yake yote ilikuwa imepotea benki ilipoanguka huko kwao, bila yeye kukosea lolote. Tangu hapo aliacha kuuliza kwa nini.

Binti yangu juzi aliuliza kwa nini. Nilitaka kumwambia ni ushirikina tu. Lakini kesho yake kazini kwetu wangetaja majina ya watakaobaki.

"Nyamaza tu," nilisema.