Tope Katika Rejeta ya Baba Mdogo

Sijawahi kudharau kitu kwa moyo mkunjufu kama nilivyolidharau gari la baba mdogo. Alilinunua kuukuu kutoka kwa mzungu mmoja wa serikali aliyekuwa akirudi kwao, na nadhani yule mzungu alicheka mpaka melini. Kwetu Ndera, miaka ile ya hamsini, gari lilikuwa adimu kuliko akili. Baba mdogo, kwa kuwa akili alishaikosa, aliona asikose na gari.

Siku hiyo dada yangu alikuwa anaolewa Garsen. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo walii, mtu wa kumwoza, nilikuwa mimi kaka yake, niliyerudi likizo kutoka chuo kikuu na suti ya sufu katika joto la Tana. Ndoa ilipangwa baada ya sala ya alasiri, na bila mimi sheikh asingefungua kinywa. Mama wa bwana harusi, ambaye tangu posa alituona watu wa matopeni, alikuwa anatafuta kisingizio kimoja tu avunje shughuli. Ningeweza kwenda na lori la bidhaa alfajiri. Baba mdogo alikataa katakata.

"Walii apande juu ya magunia ya mahindi? Tutaingia na gari, wapasuke!"

Lililopasuka nusura liwe gari. Lilichemka, tukangoja lipoe, yeye akashuka mtoni na debe, akajaza, tukaenda kidogo, likachemka tena. Tulipoipita Kulesa likagoma kabisa, linafuka mvuke kama sufuria.

"Ni kijicho," akasema. "Pale nyumbani watu wote walisimama kutuangalia."

"Walikuwa wanatusukuma, baba."

Nikavua koti, nikafungua boneti. Usidhani nilijua magari. Nilikuwa na mantiki ya chuoni na hasira, na hasira ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Maji hayakuvuja popote. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza, na feni ilizunguka. Nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta: mafuta meusi matupu, hayakuingia maji. Mwisho nikagusa rejeta. Juu iliunguza. Chini ilikuwa baridi, na injini inatokota! Maji ya moto yaliingia juu yakakosa njia ya kushuka.

"Imeziba," nikasema. "Humu unatia maji gani?"

"Ya mto. Ulitaka nitie maziwa?"

"Umeyatuliza kwanza?"

Akanitazama kwa huruma. Kila nyumba ya mtoni huyaacha maji mtungini usiku kucha, tope likae chini, ndipo yanywewe. Hata kuku wa mama mdogo walikunywa ya mtungini. Gari peke yake lilinyweshwa tope, na wala si kwa uvivu. Lilikuwa suala la imani. Baba mdogo alikuwa mkulima wa mafuriko: mto ukipanda na kuacha tope zito shambani, mpunga unastawi, maji yakija mepesi, watu wanalala njaa.

"Maji mazito ndiyo yanayolisha mpunga," akanifundisha. "Yale meupe hayana kitu, ni ya kunawa. Nilinyime gari langu chakula?"

"Basi limeshiba. Mle ndani unaweza kupanda mpunga sasa hivi."

"Kusoma kumekuharibu, mwanangu."

Mchungaji mmoja wa Kiorma alikuwa anapeleka ng'ombe wake mtoni. Akasimama, akaegemea fimbo, akalikagua gari kuanzia mbele hadi nyuma.

"Hii nakufa, mzee?" akauliza kwa Kiswahili chake cha njiani.

"Inapumzika," baba mdogo akajibu.

"Ng'ombe yangu ikipumzika nakula majani. Hii nakula watu tu."

Akaenda zake. "Mshamba," baba mdogo akanong'ona, naye tope limemfika kwapani.

Jua lilishapinda. Rejeta ilitaka kufunguliwa na kusukutuliwa siku nzima. Dada yangu alitaka walii jioni ile. Nikachukua koti.

"Wapi?"

"Garsen, kwa miguu."

"Walii kwa miguu! Unataka kutuaibisha? Ngoja nilitilie debe moja tu."

Aliposhuka mtoni nikaondoka, msomi mzima, nikinyata kama mwizi wa kuku.

Nilifika alasiri imeshasaliwa, viatu vya mjini vimenichubua, masizi yamenifika puani. Mama wa bwana harusi alikuwa mlangoni, amejifunga buibui tayari kuondoka na mwanawe. Hakunijibu salamu. Alitazama nyuma yangu.

"Gari tuliloambiwa liko wapi?"

"Linakuja, mama," nikasema, na sura yangu haikubadilika.

"Basi tulingojee. Sitaki watu waseme mwanangu kaoa kwa watembea kwa miguu."

Akageukia barabara. Nikapita ndani, nikakaa mkekani mbele ya bwana harusi, nikaushika mkono wake kwa vidole vyenye grisi, nikamwashiria sheikh aanze. Hotuba ilikuwa fupi, namshukuru Mungu. Nikatamka kwamba nimemwoza dada yangu. Yule kijana, jicho moja mlangoni, akakubali kwa sauti ya mgonjwa. Mama yake alikuwa bado anaichungulia njia ya Kulesa, kiganja juu ya nyusi, alipopelekewa halua.