Madamu Zubeda na Macho ya Mimba

Nilipokuwa mtoto huko mtaani Buyenzi, mwanamke mwenye mimba hakupishana na kipofu wala kiziwi bila kujitemea mate kidogo kifuani, ndani ya kanga, kwa siri. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo. Tuliliokota kwa mama zetu kama tulivyookota namna ya kufunga kilemba, na sisi wasichana wadogo tuliliiga tukicheza, matumbo yetu yamejazwa vitambaa. Bibi yangu, Bibi Mariamu, alikuwa na maneno yake ya kulieleza. Alisema, "Macho ya mimba yanakula kile yanaona," yaani kasoro anayoitazama mama humwingia mtoto tumboni.

Hebu mfikirie bibi huyo, mwenye imani hiyo, halafu Mungu amjalie binti kama mama mdogo Zubeda.

Mama mdogo alikuwa anamfuata mama yangu kwa kuzaliwa. Alianza kama mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi, mwanamke wa miguu myepesi, asiyeweza kunywa chai akiwa amekaa. Siku moja alichungulia kwenye ua wa jirani akamwona mtoto kiziwi amefungiwa ndani kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Tangu hapo hakutulia. Alivuka mpaka akaenda Uvira kwa masista waliofundisha viziwi na vipofu, akarudi mikono yake inaongea, na katika mkoba ana karatasi nene zenye nukta za kusomwa kwa vidole. Akaiomba stoo ambamo marehemu babu alikuwa akiweka vitambaa vya duka, nyuma ya nyumba yetu, akaipaka chokaa, akaifanya darasa. Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja, viziwi na vipofu walisoma pamoja. Alikuwapo Selemani, kipofu aliyetambua aina ya gari kwa mngurumo wake, na alikuwapo Nadine, msichana kiziwi wa rika langu, ambaye mama yake alimleta kila asubuhi kutoka mtaa wa Musaga. Watu walimwita mama mdogo "Madamu", wengine kwa heshima, wengine kwa kicheko.

Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Ilipoingia ya tatu ikashika, nyumba nzima ikawa inatembea juu ya vidole, na ndipo Bibi alipolitoa lile lililokuwa likimkereketa. Tulikuwa tunakula.

"Zubeda, funga ile klasi. Ukishazaa utafungua."

"Nikifunga, wale watoto wanarudi kufungiwa ndani, Mama. Nani atawafungulia?"

"Mi naongea juu ya mutoto wako, we unaniletea watoto ya watu!"

"Uziwi si mafua. Hauambukizi."

"Apana mafua. Ni macho. Nimekuambia. Ukizaa bubu, usiseme sikukuambia."

Mume wa mama mdogo, Rashidi, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Rashidi, aliyefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, mtu mpole kupita kiasi, alirudisha tonge lake kwenye sahani. Kwetu husemwa kwamba mdomo wa mzazi unaumba. Nadhani Bibi alijisikia mwenyewe, kwa sababu alianza haraka kusoma istighfari na kupangusa meza ambayo haikuwa na kitu.

Mama mdogo hakufunga darasa. Bibi naye hakukubali kushindwa, akatafuta dawa yake. Dawa hiyo nilikuwa mimi. Aliniamuru niketi mbele kabisa darasani, uso kwa uso na mama mdogo, ili macho ya mimba yakifunguka yaanze kukutana na mtoto anayeona na kusikia. "Usitoke hapo," aliniambia. "Hata kukojoa, nenda mbio urudi." Basi asubuhi nilienda shule yangu, mchana nikawa ngao. Na ngao iliyokaa pale mchana kutwa haikosi kujifunza. Kabla tumbo halijawa kubwa nilikuwa naweza kubishana na Nadine kwa mikono, na Selemani amenifundisha kusoma jina langu gizani. Kama leo mimi pia ni mwalimu wa watoto kama wale, nilipelekwa kwenye kazi hii na ushirikina wa bibi yangu, na nikimwambia mtu hivyo anadhani natania.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, akaitwa Yasini.

Nyumba yetu ilipakana na garaji. Tangu asubuhi mafundi walinyoosha bodi za magari kwa nyundo, na wageni wengi walishindwa hata kumaliza kahawa yao kwa makelele. Yasini alilala katikati ya yote hayo kama yuko msikitini. Bibi alimnyanyua mbele ya majirani kwa fahari: "Muangalie! Mutoto trankil, mutulivu kama huyu, mumeona wapi? Alhamdulillah, macho haikukula kitu."

Mama mdogo alirudi ndani. Alianza tena kutembea. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi, akahamisha kitanda cha mtoto kutoka ukuta huu hadi ule. Mara nikamkuta amesimama nyuma ya Yasini na mfuniko wa sufuria mkononi. Aliugonga kwa mwiko. Akazunguka upande wa pili, akagonga tena. Aliponiona aliuweka chini akasema eti anatafuta mende.

Mimi nilikuja kujua kwa mgongo wangu. Nilikuwa nimembeba Yasini, tunapita mbele ya garaji, fundi mmoja akaangusha mlango wa gari kwenye saruji. Mbuzi walikurupuka. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alitupa kikapu cha nyanya. Mimi mwenyewe niliruka. Lakini ule mwili mdogo mgongoni haukustuka hata kidogo. Pumzi yake iliendelea kunipiga shingoni, polepole, ileile. Nilirudi nyumbani mbio, nikamwambia mama mdogo.

"Najua," alisema. "Nilijua zamani."

"Bibi..."

"Bibi asijue kwanza. Atajiua na ule mudomo wake."

Nilishangaa, na bado nashangaa. Mtoto aliyemngoja miaka na miaka hasikii, naye anamwogopea mama yake.

Siri ile ilikaa nyumbani kama mgeni asiye na heri. Kila Bibi alipomwita mtoto, mmoja wetu aliwahi kumgusa Yasini ili ageuke. Baba Rashidi aliambiwa, akawa anachelewa bandarini hata siku ambazo hakuna meli. Mimi nilikuwa nakohoa, naangusha vijiko, naimba ovyo, nafanya lolote la kumzuia Bibi asimwite. Lakini mtoto alikua, akajua kukaa, na ikafika Ijumaa moja ambapo Bibi alikuwa peke yake naye uani. Nilitoka ndani nikamkuta amesimama nyuma yake.

"Yasini," aliita. "Yasini wangu. Yasini!"

Mtoto alikuwa anatazama kuku. Bibi alipiga makofi. Kuku wakakimbia, na mtoto akafuata kukimbia kwao kwa macho, hakugeuka. Bibi akazunguka polepole hadi mbele yake. Yasini alipomwona alicheka kwa mwili mzima, akanyoosha mikono. Bibi akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na kanga yake nyeupe ya Ijumaa.

Habari haikukawia. Kwanza mtaa ulisema, si aliambiwa? Halafu maneno yakageuka. Bombani wanawake wakaanza kusema macho hayana hatia, ni Bibi Mariamu mwenyewe aliyemtamkia mjukuu wake mezani. Yule aliyeonya ndiye sasa aliyeloga. Bibi aliacha kwenda bombani. Akaacha hata kwenda kwenye dua za akina mama. Alimnywesha mtoto kombe, maji ya aya, lililoandikwa na mwalimu huyu wa dini, kesho la mwalimu mwingine, na chakula chake mwenyewe alikisogeza pembeni. Baba Rashidi, yule mpole, hakumsalimu siku nyingi.

Mama mdogo aliendelea kufundisha, Yasini amefungwa mgongoni. Sikumwona akilia, ila chaki zilimkatikia mikononi.

Asubuhi moja, kabla darasa halijaanza, mama yake Nadine aliingia uani amevaa nguo za kanisani, kitenge kipya na viatu vya kufunika. Hakusalimu vizuri. Alimsimamisha binti yake katikati ya ua, akaenda nyuma yake, akapiga makofi. Nadine alikuwa ananitazama mimi. Mama yake akapiga tena, kwa nguvu zaidi, halafu akaita, "Nadine! Yoo, Nadine!"

Nadine akaniuliza kwa mikono: Mama ana nini?

Mwanamke yule alianza kulia amesimama. "Madamu, unisamehe," alisema. "Kule kwetu wanasema uziwi imehamia kwa mutoto wako. Mi nikasema, basi, wangu amepona. Nilifurahi, Madamu. Mungu, Imana, inisamehe, nilifurahi."

Mama mdogo alimfuata akamshika mabega. Nilidhani angemfukuza. Alisema tu, "Hata mi ningekuja. Ningekuja mbio."

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya ukuta, ameona yote. Akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Kama haikutoka kwa huyu, imetoka wapi?"

"Haikutoka kwa mutu, Mama," mama mdogo alimjibu. "Haikutoka kwa macho yangu. Wala haikutoka kwa mudomo wako. Unasikia? Wala kwa mudomo wako."

Bibi alijifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu. Mama yake Nadine, mgeni aliyekuja na aibu yake, ndiye aliyekwenda kuketi naye.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile Bibi aliitupa imani yake. Sivyo ilivyokuwa. Hadi anafariki aliendelea kuwaonya wajawazito wa mtaa. Lakini kesho yake alikuja mlangoni mwa darasa, hakuvuka kizingiti, akaniita. "Nionyeshe 'kula'," alisema. Nikamwonyesha. "Na 'maji'?" Nikamwonyesha. "Na 'njoo kwa bibi'?" Katika nyumba yetu nzima hakuna aliyekuja kuzungumza na Yasini kwa wepesi kama yeye. Waligombana kwa mikono mchana kutwa, juu ya miwa, juu ya kuoga, na Bibi asipotaka kushindwa alikuwa anafumba macho.

Sasa naishi mtaa wa Mutanga Nord, na nina mimba yangu ya kwanza. Jirani yangu, mwanamke aliyesoma kuliko mimi, aliniambia juzi kwa upole kwamba labda nichukue likizo mapema, "si unajua, na wale watoto." Nilicheka. Kesho yake darasani mtoto kipofu aliinua uso wake kunitafuta, na mkono wangu, mkono huu unaojua kila kitu, ukajikuta unavuta kitambaa kufunika tumbo. Siku ile sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilitembea kati ya madawati kama mama mdogo na mfuniko wake wa sufuria, nikaelewa kwamba woga hauhitaji kuaminiwa ili uingie.

Nilikwenda kwa Yasini. Ni fundi wa nguo karibu na soko, ana wateja zaidi kuliko wenzake wengi wanaosikia. Nilimpelekea gauni anipanulie. Aliponizungushia utepe tumboni alinitazama usoni, akauweka utepe chini, akaniuliza kwa mikono nina nini. Nikamweleza yote: jirani, kitambaa, mkono wangu.

Alicheka mpaka fundi wa meza ya pili akageuka. Halafu akanijibu polepole, kama anavyomwambia mteja bei asiyotaka ibishaniwe: Mimi nilipokuja, mtaa mzima niliwakuta mama na wewe tu mnaojua kuongea na mimi. Wako atatukuta wengi.

Akaokota utepe, akaendelea kunipima, akaacha nafasi kubwa mbele.