Waya wa Nyanya Yako

Nakumbuka siku moja kule kisiwani Rusinga, mwanangu, miaka ya tisini, nilipofunga begi langu nikisema ndoa imenishinda. Naikumbuka leo kwa sababu nimeliona begi lako hapo mlangoni, na bado hujaniambia kitu.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, sina hata moto wangu. Unajua kwetu mke mpya hupikia kwa mama mkwe mpaka apewe jiko lake. Basi mimi na nyanya yako tulikausha samaki wa mbuta kwa moshi, wote kwenye waya mmoja, ule wavu wa chuma juu ya moto, na ulimi wake ulikuwa moto kuliko kuni. Moshi ule hadi leo nautamani. Siku hiyo wanunuzi walionja samaki wangu wakakunja uso, naye akaniita binti wa Uriri, kwetu nilikozaliwa, akasema mbele yao, "Nyar Uriri, hii samaki yako ni uchungu! Kwenu hawakukufundisha?"

Ah! Hilo la kwenu liliniuma mpaka mfupani. Alinikuta langoni na begi.

"Enda," akasema. "Lakini hii waya tumechafua pamoja. Tuoshe kwanza."

Nikashika kisu, nikwangue haraka nijiendee zangu. Mafuta yalikuwa yameganda, meusi ti. Kisu kikateleza, nikajikata kidole. Akaninyang'anya, akautumbukiza waya kwenye karai la maji moto yenye majivu, akafunika kwa gunia.

"Sasa tungoje."

Waya ukiloweka, hakuna kazi. Alirarua kipande cha leso yake akanifunga kidole, tukakaa kando ya karai. Halafu akasema bila kuniangalia, "Hii waya ilikuwa chafu kabla uolewe. Uchungu si yako. Na sikufaa kusema mbele ya watu."

Nililia, mwanangu. Tulipoutoa, gunzi la mahindi lilitosha kuusugua. Akausuuza, akanikabidhi. "Tafuta mawe tatu, uweke jiko yako. Hii ni yako sasa."

Sikiliza. Kama mume wako anakupiga, begi lako lina mahali hapa, na nitamkabili mimi mwenyewe. Lakini kama ni neno tu limeganda kati yenu, usilikwangue kwa hasira, utajikata. Lipeni muda wa kulainika, mkae karibu, na aliyekosa aseme amekosa.

Mungu akujalie moto usiozima, na mtu wa kungoja naye kando ya karai. Haya, liache begi hapo uniletee majivu. Waya ule bado ninao, na umechafuka.